Helikopta ya modeli na mwingiliano wa mawimbi: uchague MHz 35/72, GHz 2.4 au MHz 900?

Redio za kuendeshea helikopta za modeli, mpya na mitumba, ziko makundi matatu. Kuna za masafa ya zamani: MHz 35 za Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, na MHz 72 za Marekani. Kuna za GHz 2.4, ambazo ndizo zimejaa madukani siku hizi. Halafu kuna za karibu na MHz 900, zilizopendwa kwanza na warusha droni wanaokwenda mbali. Kila muuzaji atakuapia kwamba yake haiingiliwi na chochote. Hakuna inayostahili kiapo hicho. Kila kundi lina adui zake, na kabla ya kutoa pesa inafaa ujiulize ni adui yupi unayeweza kumdhibiti mwenyewe, pale unaporushia na kwa helikopta uliyonayo.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa karibu kila mtu jibu ni GHz 2.4, tena ile inayorukaruka chaneli, yaani inayohama yenyewe kutoka chaneli moja hadi nyingine wakati unarusha. Lakini wapo wengi waliohamia GHz 2.4 kwa matumaini makubwa na helikopta ikaendelea kurusha mkia kama jana, kwa sababu kelele, yaani mawimbi machafu yanayovuruga redio, haikuwa ikitoka hewani. Ilikuwa ikitoka tumboni mwa helikopta yenyewe. Hilo ndilo wauzaji wa redio hawalizungumzii, na hapa nitalipa nafasi kuliko mengine.

Helikopta si ndege

Ndege ya modeli yenye mabawa ikipoteza mawimbi kwa nusu sekunde inaendelea kuteleza hewani, na rubani huenda asijue. Helikopta haina subira hiyo. Inasimama hewani kwa sababu jairo (kihisi cha mzunguko) na servo (mota ndogo zinazosogeza pembe za mapanga) zinairekebisha mara nyingi kila sekunde. Servo moja ikipokea amri ya uongo, kichwa cha rota kinainama na chombo kinakwenda kilikoinamia. Helikopta ya daraja la 700, miongoni mwa zile kubwa, ina rota ya kipenyo cha karibu mita 1.6. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha ya panga lake inakwenda karibu kilomita 600 kwa saa. Kwa hiyo tunapozungumzia mwingiliano wa mawimbi hatuzungumzii tu pesa za vipuri.

Tena angalia vitu vinavyobanana ndani yake. Mota inayokula makumi ya ampea, kidhibiti cha mota kinachokata na kuunga umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, servo nne, jairo, kiunzi cha nyuzi za kaboni, mikono ya alumini, na pengine belti ya mpira inayozungusha mkia. Vyote hivyo viko sentimita chache kutoka kwenye kipokezi, kile kinachopokea amri zako. Ndege ya mabawa inakupa nafasi ya kuviweka mbalimbali, helikopta haikupi.

Kuna upande mmoja wa heri. Helikopta hurushwa karibu. Ukiipeleka mita 200 hujui tena imeelekea wapi, kwa hiyo wengi hubaki ndani ya mita 100 au 150. Mawimbi ya transmita yako, ile redio ya mkononi, yanafika yakiwa na nguvu ya kutosha kwa redio yoyote kati ya hizi. Kwa mrusha helikopta, basi, kulinganisha redio kwa umbali zinaofika ni kupoteza muda.

MHz 35 na 72: shida ni majirani

Ndugu aliye Uingereza akikutumia seti yake ya zamani, itakuwa ya MHz 35. Aliye Marekani atakutumia ya MHz 72. Hizi mbili hazisikilizani, na kristali (kipande kinachoipa redio chaneli yake) ya moja haifai kwa nyingine. Kule Marekani masafa ya ndege za modeli yamegawanywa chaneli 50, kuanzia namba 11 hadi 60, kutoka MHz 72.010 hadi 72.990, kila moja ikiachana na ya pili kwa kHz 20. Uingereza wameziachanisha kwa kHz 10 tu. Transmita inakaa kwenye chaneli moja tangu unapoiwasha hadi unapoizima.

Tabia hiyo moja ndiyo inayozaa karibu kila shida ya kundi hili. Watu wawili wakiwasha chaneli moja, helikopta iliyoko hewani inaanguka. Haijalishi ni ya bei gani. Ndiyo maana viwanja vya zamani vilikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba za chaneli: huna kibanio, huwashi. Utaratibu mzuri, lakini uliwategemea watu, na watu husahau. Na kijana aliye upande wa pili wa kilima hajui hata kwamba ubao upo.

Hata mkiwa kwenye chaneli tofauti, hamjapona. Transmita mbili zikiwaka pamoja, mawimbi yake huchanganyika ndani ya kipokezi na kuzaa masafa mengine. Mwenye chaneli 20 na mwenye chaneli 22 wakirusha kwa wakati mmoja, wa tatu aliye kwenye 18 au 24 ndiye anayeumia, kwa sababu zao la mchanganyiko huo linaangukia hapo hapo: mara mbili ya moja ukitoa nyingine. Anasimama pembeni akishangaa, maana hakuna aliyegusa chaneli yake. Vipokezi vya bei nafuu vina udhaifu mwingine wa ziada. Vinashusha masafa kwa hatua moja hadi kHz 455, kwa hiyo transmita mbili zilizoachana kwa karibu kiasi hicho, yaani chaneli 23 katika MHz 72, zinaweza kuingia moja kwa moja ndani yake, iwe chaneli yake ni ipi. Ukichukua seti ya zamani, tafuta kipokezi chenye hatua mbili za ubadilishaji. Tofauti yake si ndogo.

Na kuna umbali. Ukipitisha helikopta yako juu ya kichwa cha mwenzako, kipokezi chako kinamsikia yeye kwa nguvu kuliko kinavyokusikia wewe uliye mita 100 nyuma. Ndiyo maana warushaji wa masafa haya husimama safu moja.

Ndani ya kundi hili kuna uchaguzi mwingine, kati ya PPM na PCM. PPM ni amri zinazotumwa zikiwa kama zilivyo. Kelele ikiingia, servo inatetemeka na unaiona kwa macho. PCM inatuma tarakimu, na kipokezi kinakagua kila pakiti. Mbovu inatupwa, servo inabaki ilipokuwa, na kelele ikizidi inaingia kwenye hali ya dharura uliyoipanga. Helikopta ya PCM inaruka kwa utulivu kuliko ya PPM mahali pale pale penye kelele. Lakini utulivu huo unadanganya: hali inaharibika kidogo kidogo bila wewe kujua, kisha ghafla unakuta fimbo za transmita hazifanyi kazi. Kwa kutafuta tatizo, PPM ni mkweli zaidi. Kwa kurusha, ningechukua PCM, na hali ya dharura ningeipanga izime mota ya umeme au ishushe injini hadi mzunguko wa chini kabisa. Usiiache ishikilie amri ya mwisho. Kwa helikopta hiyo maana yake ni mapanga yanayozunguka kwa kasi yote bila mwenyewe.

Mengine ya kundi hili ni mafupi. Eriali ya kipokezi ni waya wa karibu mita moja ambao haukatwi na haukunjwi, na kwenye helikopta unapitishwa ndani ya bomba la plastiki mbali na bomba la mkia. Vipokezi na kristali mpya ni adimu. Na vifaa vya leo vya kutuliza rota isiyo na fimbo ya uzani (ile iliyotuliza rota za zamani) vinatarajia kipokezi kinachotuma amri zote kwa waya mmoja, jambo ambalo vipokezi vingi vya zamani haviwezi.

Kelele inayozaliwa ndani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu ananunua redio kutibu ugonjwa ambao redio haikuhusika nao.

Chanzo cha kwanza ni chuma kinachogusana na chuma kikiwa kimelegea. Kiungo cha servo cha chuma kwenye mkono wa chuma, skrubu iliyolegea kwenye kiunzi, beringi iliyochakaa. Mtetemo wa rota unazifanya zigusane na kuachana mara nyingi kila sekunde, na kila mguso ni cheche ndogo ya kelele ya redio. Dawa yake ni rahisi: vichwa vya viungo viwe vya plastiki, skrubu zikazwe na kutiwa gundi ya kuzizuia zisilegee, na vipande viwili vya chuma visivyoweza kuepukana viunganishwe kwa kipande cha waya.

Cha pili ni mota na injini. Mota ndogo za brashi, zilizokuwa kwenye helikopta za zamani za chumbani, zinahitaji kapasita ndogo zilizochomelewa kwa lehemu kwenye ganda lake. Kidhibiti cha mota isiyo na brashi kinatulia kelele yake ukizungusha waya wake wa kipokezi mara kadhaa kwenye pete ya feraiti. Injini ya petroli ni jambo zito zaidi, kwa kuwa plagi yake inatoa cheche halisi. Inataka plagi yenye rezista, waya wake ukingwe vizuri, na kipokezi kikae mbali nayo kadiri kiunzi kinavyoruhusu. Injini ya nitro haina shida hiyo, kwani plagi yake inawaka kwa joto, bila cheche.

Cha tatu ndicho kinachowachanganya wengi: umemetuli wa belti ya mkia. Helikopta nyingi za daraja la 450, T-Rex 450 ya Align ikiwa maarufu kuliko zote, zilitoka na belti ya mpira inayopita ndani ya bomba la mkia la alumini na kuzunguka kwenye puli za plastiki. Mpira ukisugua plastiki kwa kasi hiyo unajaza chaji kwenye bomba. Bomba limeshikwa na vipande vya plastiki, kwa hiyo chaji haina pa kwenda. Inajazana hadi inaruka kama cheche kwenda kwenye waya ulio karibu, na mara nyingi waya huo ni wa servo ya mkia au wa jairo. Mkia unapiga teke. Wakati mwingine kipokezi kinazima na kuwaka upya angani.

Dalili zake zinatambulika. Shida inakuja mota ikizunguka kwa kasi kubwa, haiji ukiwa umeshika helikopta mezani. Inazidi siku kavu. Mrushaji wa Dodoma wakati wa kiangazi, au wa Nairobi mwezi wa Januari na Februari, atakutana nayo kuliko wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa huipunguza chaji kabla haijakomaa. (Wa pwani asifurahi sana. Chumvi ya bahari inakula pini za plagi za servo, na mguso mbovu unatoa dalili zinazofanana kabisa na za mawimbi kuingiliwa.)

Dawa ni kipande cha waya wa ethi: kwaruza rangi kidogo kwenye bomba, funga waya hapo, upande wa pili ufunge kwenye kishikio cha mota au sehemu ya chuma ya kiunzi, ili chaji isijikusanye upande mmoja. Angalia pia kama belti imekazwa kupita kiasi, na uipulizie silikoni kidogo. Bei yake ni karibu na bure.

Sasa, je, masafa gani yanaisikia kelele hii? Kelele ya vyuma vinavyogusana, ya mota na ya plagi imejaa zaidi kwenye masafa ya chini, kwa hiyo MHz 35 na 72 zinaisikia sana, na GHz 2.4 haiisikii karibu kabisa. Hiyo ni faida ya kweli ya GHz 2.4 na inatosha kumshawishi mwenye helikopta ya petroli. Lakini cheche ya umemetuli haipiti kwenye eriali. Inapita kwenye waya wa servo moja kwa moja hadi ndani ya kompyuta ya jairo au ya kipokezi. Kwa hiyo hata ukibadilisha masafa mara kumi, mkia utaendelea kupiga teke hadi siku utakapofunga ule waya.

GHz 2.4: majirani wengi, ugomvi mchache

Katikati ya miaka ya 2000 Spektrum ilileta redio za GHz 2.4 kwa warusha modeli, Futaba ikafuata na mfumo wake wa FASST, na ubao wa vibanio ukaanza kuota vumbi. Bendi hii, kutoka MHz 2400 hadi 2483.5, inatumika karibu dunia nzima. Kila transmita ina utambulisho wake, na kipokezi kinafunganishwa nayo kabla ya kurusha. Amri za transmita nyingine kinazisikia na kuzipuuza. Watu kadhaa hurusha pamoja bila kuulizana namba.

Ila si redio zote za GHz 2.4 zilizo sawa, na hili ni muhimu kwa mnunuzi wa mitumba. Za mwanzo za Spektrum, za mfumo wa DSM2, zinachagua chaneli mbili tulivu zinapowashwa na kubaki hapo hadi uzime. Bendi ikijaa baadaye, watu wakiwasha simu zao na kugawa intaneti, zenyewe haziondoki. Wi-Fi moja inachukua upana wa karibu MHz 20, hivyo chaneli zote mbili zinaweza kufunikwa. DSMX iliyokuja baadaye inarukaruka kwenye chaneli 23, na FASST ilikuwa ikirukaruka tangu mwanzo. Kanuni za Ulaya zilizoanza kubana mwaka 2015 zilizifanya transmita mpya za DSM2 zisiuzwe tena huko, na hiyo ni sababu moja ya kuziona zikiuzwa rahisi mitumbani. DX7 za kwanza ni za DSM2 pekee. Kwa uwanja mtulivu wa mashambani zinafanya kazi. Kwa uwanja wa mpira katikati ya mji wenye nyumba na maduka pande zote, ningeziacha.

Adui wa kweli wa GHz 2.4 ni wawili, na wote wako upande wako.

Wa kwanza ni kuzibwa. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 12.5 tu, na sehemu ya eriali inayopokea ni ile ncha ya milimita 31. Nyuzi za kaboni na chuma zinalizuia wimbi hilo, na mwili wa mtu pia. Weka eriali mbili za kipokezi zikiwa zimekaa pembe mraba, ncha zote nje ya kiunzi, ili helikopta ikigeuka upande wowote angalau moja ikuone. Eriali ya transmita nayo usiielekeze ncha yake kwenye helikopta. Mawimbi hutoka ubavuni, na nchani ndiko hafifu kuliko kote. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanalenga.

Wa pili ni umeme kushuka. Kipokezi cha GHz 2.4 ni kompyuta. Volti zikianguka chini ya takriban 3.5, hata kwa kufumba na kufumbua, kinazima na lazima kiwake upya na kumtafuta transmita wake. Servo za dijitali za helikopta ya daraja la 600 au 700 zikivuta kwa pamoja zinadai ampea kumi na zaidi, na kidhibiti cha umeme (kinacholisha kipokezi na servo) kilicho dhaifu kinasalimu amri hapo. Vipokezi vya kwanza vilichukua sekunde kadhaa kurudi. Vya sasa vinarudi haraka zaidi, lakini hata sehemu ndogo ya sekunde ni nyingi kwa helikopta iliyopinduliwa chini juu. Kipokezi cha PPM hakikuwa na cha kuwasha upya. Volti zikirudi, nacho kimerudi. Ajali nyingi zilizolaumiwa Wi-Fi zilikuwa hizi. Tia kapasita kubwa kwenye nafasi ya wazi ya kipokezi, nunua kidhibiti cha umeme chenye akiba ya kutosha, na kwa helikopta kubwa weka betri ya pili ya kusaidia.

Siku hizi kuna pia ExpressLRS, mfumo wa programu huria unaotumia moduli za bei nafuu, na unakwenda vizuri na Rotorflight, programu huria ya kutuliza helikopta. Kwa upande wa mwingiliano unavumilia sana, na unakuonyesha ubora wa mawasiliano kati ya transmita na kipokezi kwa asilimia wakati unarusha. Unataka mtu asiyeogopa kompyuta: toleo la programu kwenye transmita na kwenye kipokezi lazima vilingane, kwani la 2 na la 3 havizungumzi.

MHz 868 na 915

Kwa helikopta inayorushwa mita 150, hii ni dawa ya ugonjwa usionao. Na kwa Afrika Mashariki kuna kizuizi kizito. Bendi ya MHz 902 hadi 928 ni ya wazi katika mabara ya Amerika. Afrika iko Eneo la 1 la mgawanyo wa kimataifa wa masafa pamoja na Ulaya, na katika eneo hili simu za GSM 900 zinapeleka mawimbi kuelekea mnara kwenye MHz 880 hadi 915, na mnara unajibu kwenye 925 hadi 960. Moduli ya 915 iliyonunuliwa Marekani inarukaruka ndani ya vipande hivyo. Utaingiliwa na simu zilizo mifukoni mwa watazamaji, na wewe pia utaziingilia, jambo ambalo TCRA ya Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya haitalipokea kwa tabasamu. Ya 868 ina unafuu kwa hilo, lakini bado sioni sababu ya mrusha helikopta kuitafuta.

Kwa pamoja

| | MHz 35 / 72 | GHz 2.4 | MHz 868 / 915 |
|---|---|---|---|
| Adui mkuu | mtu mwingine kwenye chaneli yako | umeme kushuka, eriali kuzibwa | simu, na sheria ya masafa |
| Kelele ya mota na vyuma | inaisikia sana | karibu haiisikii | kidogo |
| Umemetuli wa belti | unaiumiza | unaiumiza | unaiumiza |
| Eriali ya kipokezi | waya wa mita 1 | ncha ya mm 31 | sm 8 na zaidi |
| Dalili ya kwanza | servo kutetemeka (PPM) | kimya, kisha kukatika | kimya, kisha kukatika |
| Kurusha pamoja | kwa kupeana zamu za chaneli | kwa uhuru | wachache |

Kwa hali yako

Unaanza na helikopta ndogo ya umeme na unarushia mjini: GHz 2.4 inayorukaruka, ya kampuni ambayo vipokezi vyake unaweza kuvipata bila kungoja mwezi. Hilo la mwisho lipe uzito kuliko jina la kampuni. Waombe wanaokuzunguka wazime ugawaji wa intaneti wa simu zao, hasa aliyesimama karibu na helikopta inapopaa.

Umepewa seti ya zamani pamoja na helikopta ya nitro, na unarushia shamba ambalo hakuna mrushaji mwingine: usiitupe. MHz 35 au 72 ya PCM, yenye kipokezi cha hatua mbili, kwenye injini isiyo na cheche, ni redio nzuri kabisa. Uliza kwanza kama masafa hayo yanaruhusiwa kwa modeli ulipo. Siku mrushaji wa pili mwenye seti ya zamani atakapotokea, mpeane namba kabla ya kuwasha chochote.

Una helikopta ya petroli, au ya daraja la 700: GHz 2.4, na ukiwa na pesa kidogo ya ziada iende kwenye umeme wa kipokezi kabla ya kwenda kwenye transmita ya bei kubwa. Hapa ningetaka pia redio inayorudisha taarifa za volti kwenye mkono wako. Transmita ghali isiyokuambia volti za kipokezi ni hasara kwa helikopta ya kilo tano.

Una helikopta ambayo tayari inashtuka na unafikiria kubadilisha redio: usinunue bado. Toa mapanga ya rota kuu na ya mkia, fungia helikopta chini, izungushe mota kwa kasi ya kurushia na uangalie servo. Zikitulia mota ikiwa imezimwa na kutetemeka ikiwaka, tatizo liko ndani. Zikitetemeka mota ikiwa imezimwa, liko nje, au kwenye plagi na betri.

Redio yoyote utakayochukua, ipime umbali kwenye uwanja wenyewe. Za zamani unaisukuma eriali ya transmita irudi ndani, kisha unarudi nyuma. Za GHz 2.4 zina hali ya kupunguza nguvu, na watengenezaji kwa kawaida wanataka ifanye kazi bila kukatika kwenye umbali wa hatua kama 30. Pima mara mbili, mota ikiwa imezimwa kisha ikiwa inazunguka bila mapanga, na umwombe mwenzako aigeuze helikopta pande zote, pua, ubavu na mkia, maana ubavu mmoja ndio mara nyingi unaofichwa na betri. Kwenye Spektrum yenye kumbukumbu ya safari, tazama namba iliyoandikwa H. Hiyo inahesabu mara ambazo pakiti 45 mfululizo zimepotea, karibu sekunde nzima. Ukisoma kitu kingine zaidi ya sifuri, irudishe helikopta kwenye sanduku na uanze kukagua eriali, plagi na volti kabla ya kuwasha tena.